Kola ya Eksirei

Metroni alikuwa amestaafu kazi ya wodini miaka sita iliyopita, ila wodi haikumstaafu yeye. Nyumbani kwake vikombe vilichemshwa, mapazia yalipigwa pasi, na mgeni asiyenawa mikono aliongeleshwa mlangoni hadi akaaga. Hata mumewe, fundi saa aliyepooza upande mmoja tangu mwaka jana, alimwita Metroni. Kwa jinsi alivyogeuzwa kitandani kila baada ya saa mbili, hakuwa na jina jingine la kumpa.

Kitu kimoja tu kilimshinda humo ndani: sungura wa mumewe. Mweupe, mnene, mwenye dharau. Fundi alimwita Bosi. Banda lake lilikuwa barazani, chini ya dirisha la mgonjwa, na yale maneno machache aliyobaki nayo fundi aliyamaliza kwa kumsemesha Bosi.

Asubuhi moja, akisugua banda kwa dawa, Metroni alimwona Bosi akiinamisha kichwa katikati ya miguu ya nyuma, akachukua kinyesi palepale kinapotokea, akakitafuna kwa utulivu huku akimtazama.

"Nyumbani kwangu?" alisema Metroni.

Hakupiga kelele. Aliingia ndani, akatoa picha ya zamani ya eksirei ya kifua cha mumewe, akaikata duara, akamvisha Bosi shingoni. Kola ikakaa sawasawa. Mbavu za fundi zilimzunguka sungura kichwani, na mdomo haukufika tena nyuma. Metroni akaridhika.

Siku ya tatu Bosi aligusa majani kidogo. Siku ya nne asubuhi hakugusa kitu. Fundi aliona yote dirishani, na supu ya mchana ilipoletwa alifunga mdomo.

"Kula, baba."

"Bosi... amekula?"

"Bosi ana banda lake, wewe una kitanda chako. Kula."

"Asipokula... sili."

Metroni alikuwa amewashinda wagonjwa wabishi kuliko huyu, lakini hao hawakuwa wamemuoa. Supu ilirudi jikoni ilivyokwenda. Mgonjwa wa namna ile akigoma kula, Metroni alijua kinachofuata. Alikuwa ameshafumba macho ya wengi. Akaogopa, tena sana. Alimtia Bosi kikapuni, akaenda mbiombio kwa daktari wa mifugo.

Daktari alikuwa binti mdogo mwenye koti lenye madoa ya samadi, jambo ambalo Metroni aliliona na kulinyamazia. Alimpapasa Bosi tumbo, kisha akaitazama kola kwa muda.

"Mama, hizi mbavu za nani?"

"Za mume wangu. Namzuia asile kinyesi chake." Akafikiri kidogo. "Sungura."

"Muache ale. Kile laini, kilichoshikana vichala, si uchafu. Chakula chake lazima kipite tumboni mara mbili, ukimzuia, umemnyima. Na tumbo la sungura likisimama hata siku moja, ni hatari."

Katika miaka thelathini na moja ya kazi, Metroni hakuwahi kusahihishwa na mtu mwenye koti chafu. Aliivua kola kwa mikono yake mwenyewe. Daktari akamlisha Bosi rojo la majani kwa bomba la sindano, akaagiza apewe nyasi kavu kutwa nzima.

Kesho yake asubuhi Metroni alichuchumaa barazani, akasubiri. Bosi akajinyoosha, akainama, akachukua, akatafuna. Machozi yakamtoka Metroni, na aliona haya kulia kwa jambo kama lile.

Akaingia kwa mumewe na bakuli.

"Amekula?"

"Amekula."

"Nini?"

Angeweza kusema nyasi.

"Mavi yake," alisema Metroni. "Mimi ndiye niliyemzuia. Nilikosea, mume wangu."

Fundi alimkodolea macho. Katika miaka arobaini ya ndoa hakuwahi kumsikia akitamka mavi, wala akitamka nilikosea. Akacheka kwa ile nusu ya mdomo iliyoweza, akacheka hadi kitanda kikalia, kisha akaufungua mdomo. Kijiko cha kwanza kilimwagika chote kwenye shuka jeupe. Metroni aliona, akaacha hivyohivyo, akachota kingine.