Springi za Mzigo

"Usikaze bado," alisema Kaka kutoka chini ya pikapu.

"Jua linakwenda hilo. Acha nikaze tumalize."

"Gari liko kwenye jeki, limening'inia. Ukikaza nati za bushi sasa, likishuka mpira wa ndani unajinyonga, hufiki mbali utakuwa umeshapasuka. Lishushe, pakia, springi zikae. Ndipo tukaze."

"Nipakie nini?"

"Vitu vyako."

Mdogo wake akacheka. Mtaa mzima ulimwita Cheche, kwa kazi yake ya kuchomelea, na kwa mdomo wake ambao nao haukuhitaji umeme.

Wiki nzima walikuwa wamelihangaikia gari hilo kuukuu. Walitoa ekseli zote mbili za zamani, nyembamba, wakaingiza nene za lori lililokufa. Cheche akachomelea viti vipya vya kukalia springi, Kaka akaongeza chuma kimoja cha springi kila upande, gari likasimama juu kama limekasirika. Lilikuwa la kumpeleka Cheche milimani kwa wakwe zake, ambako mkewe alikuwa ametangulia na ambako wangefungua gereji yao. Kaka hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa na huyo tu, tangu wazazi wao walipofariki. Alijua anajipalia makaa: kadiri gari lilivyoimarika ndivyo ndugu yake alivyozidi kuondoka. Lakini kazi mbovu mikono yake ilikuwa haiijui.

Wakapakia mashine ya kuchomelea, mitungi ya gesi, meza, masufuria, na mwisho kitanda. Chumba cha Cheche, nyuma ya gereji, kikabaki na alama nne za miguu ya kitanda sakafuni. Springi zikalia kidogo, zikatulia.

"Nimeziweka ngumu kwa ajili ya mzigo huu," Kaka alisema. "Ukija na gari tupu zitakurusha. Siku ukija, pakia hata mawe."

"Nije kufanya nini, Kaka? Mimi nahama, siendi matembezi."

Alisema akicheka, huku akifunga kamba. Hakuwa na ubaya moyoni. Neno hilo lilimuuma Kaka vibaya sana, akachukua spana na kuingia chini ya gari.

Juu ya kifua chake ilikuwa nyumba nzima ya ndugu yake. Akakaza nati moja baada ya nyingine mpaka akabakiwa na ile ya mwisho ya nyuma. Akiiacha legevu kidogo tu, haitaua mtu. Itagonga tu, na kabla ya mlima wa kwanza Cheche atageuza gari, arudi akilalamika, alale hapa hata usiku mmoja. Akaishika ile nati muda mrefu.

"Umelala huko?"

"Nakuja."

Akaikaza mpaka spana ikagoma. Kisha akaivuta tena, kuhakikisha.

Walipeana mikono yenye grisi.

"Haya, Kaka."

"Haya, mdogo wangu. Nenda taratibu, springi bado ngeni."

Pikapu ikatoka getini, ikayumba kwenye tuta la kwanza, ikashika barabara ya makorongo. Kaka alisimama na spana mkononi, ametega sikio, hata pumzi ameizuia. Alingoja lisikike likigonga walau mara moja. Gari likashuka korongo, likapanda upande wa pili, halikugonga popote.