Injini ya Kigari cha Mikate

Baba yangu haoni, na kwa muda mrefu niliamini kwamba ni watu wawili tu tunaolijua jambo hilo: yeye na mimi. Nalisema mapema ili msije mkanilaumu kabla ya kujua nilivyokuwa nimebanwa.

Mtaa mzima unamwita Daktari. Jina hilo alilipata enzi macho yake yakiwa mazima, kwa sababu hakuwa mtu wa kukimbilia kufungua boneti. Gari bovu likiletwa, yeye alisimama kando, akafumba macho, akasikiliza, kisha akautaja ugonjwa. Kwa hiyo alipopofuka taratibu, jicho moja kisha la pili, hakuna aliyeshangaa kumwona amesimama kando akisikiliza. Kazi ya mikono ikahamia kwangu. "Siku hizi namwachia binti afanye, apate uzoefu," aliwaambia wateja. Uzoefu! Nina miaka thelathini na kitu, nimeshusha injini nyingi kuliko nguo nilizowahi kushonewa, na bado eti napata uzoefu.

Tulikuwa na utaratibu wetu. Mteja akiuliza jambo linalotaka macho, mimi nikiwa chini ya gari au nyuma yake, nilikohoa. Kikohozi kimoja ni ndiyo, viwili ni hapana. "Daktari, hili bomba si limepasuka?" Nakohoa mara moja. "Limepasuka," anasema Baba kwa masikitiko, utadhani ameliona tangu juzi. Wateja wengine walinipa pole ya kifua. Mmoja aliniletea dawa ya chupa, nikainywa mbele yake nikashukuru.

Karakana yetu iko nyuma ya nyumba, ukuta pande tatu na mlango wa bati upande wa nne. Kila kitu kina mahali pake na hakisogezwi hata kwa dharura. Mnyororo wa kunyanyulia injini ukiachwa umening'inia pembeni kidogo tu, Baba atauvaa usoni. Na mimi nilikuwa na mahali pangu, mbele yake kidogo, nikiongea huku natembea ili afuate sauti. Ndivyo alivyofika jikoni, ndivyo alivyofika bafuni, ndivyo alivyofika kitandani. Nilizungumza upuuzi mwingi kwa ajili hiyo. Sokoni nilikwenda mbio na kurudi mbio, roho mkononi, nikihofia mteja asije akaingia nisipokuwepo. Kaka yangu mkubwa, aliyeoa mbali na kutulia huko huko, alipiga simu alipokumbuka: "Mwangalie Mzee, wewe ndiye uliye karibu." Anadhani ni uzee tu. Baba alinikataza kumwambia.

Basi nikapata kazi. Kampuni ya kuchimba visima ilikuwa na malori yake na karakana kubwa, na msimamizi wao alikuwa ameona pampu niliyowatengenezea lori lao lilipokwama mtaani kwetu. Mshahara ni mshahara, hilo sisemi. Kilichonitoa machozi ni chumba. Alisema kila fundi ana chumba chake na ufunguo wake. Gari lao lingenipitia Jumatatu.

Nilimwambia Baba tukiwa tunakula. Alitafuna tonge moja muda mrefu.

"Kazi ya mpima ardhi imeshaingia," akasema. Akitaka jambo kwangu huniita mama. "Nimalizie hiyo, mama, kisha uende. Baada ya hiyo nitafunga mlango, nitawaambia nimezeeka."

"Hiyo tu, Baba?"

"Hiyo tu."

Tukashikana mikono juu ya sahani.

Mpima ardhi alikuwa na gari la porini la zamani, lile la bati nene ambalo ukiligonga unaumia wewe. Chesisi ilikuwa nzima, giaboksi nzima, lakini injini yake ya petroli ilikuwa mlafi. Mwenyewe alisema inakunywa hata ikiwa imeegeshwa. Alitaka tuitoe, tuweke dizeli ndogo aliyoipata kwenye kigari cha kusambazia mikate kilichogongwa nyuma. Tulipoiosha hiyo injini, unga uliokuwa umejificha kila pembe ulichanganyika na oili ukawa uji mweusi, nikauchota kwa kijiko.

Kazi hiyo si ya kubabaisha. Injini ndogo na giaboksi kubwa havikuzaliwa tumbo moja; matundu ya bolti hayakutani kabisa. Inabidi ukate bamba nene la chuma, upande mmoja likubaliane na injini, upande wa pili likubaliane na giaboksi, na tundu la kati liwe kati kweli. Likikosea unywele, shafti itazunguka ikiyumba, na kabla ya mwaka imekula beringi na klachi. Karta ya oili, lile bakuli la chini ya injini, nayo iligusa eksili ya mbele, ikabidi niirudishe injini nyuma, nikachomelea viti vipya vya kuikalisha, nikasogeza rejeta, nikahamisha waya. Nilifanya kazi kama mtu anayechimba shimo la kutorokea. Kila bolti niliyokaza niliihesabia Jumatatu.

Lile bamba nilipolifunga nilimwita Baba. Alipitisha kidole cha shahada kuzunguka ukingo wote, polepole, kisha akarudi mahali pamoja.

"Hapa pananikwaruza."

"Vipimo vinasema sawa, Baba."

"Vipimo vyako vina haraka ya kuondoka."

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Nikafungua bolti zote kwa vishindo ili asikie hasira yangu. Nyuma ya bamba nikakuta kichembe cha chuma kilichobaki nilipotoboa, kimelinyanyua upande mmoja. Nikakifuta kwa kitambaa, nikafunga upya, akapapasa tena. "Sasa," akasema, na uso wake ukajaa raha. Hapo ndipo nilipokuwa nafia. Ningekuwa na baba mbaya ningeondoka zamani, bila hata kuaga. Nilimpenda na nilikuwa nimemchoka, vyote kwa pamoja, na sikujua la kufanya na hisia kama hizo zaidi ya kurudi chini ya gari.

Jumamosi mchana mpima akaja kulisikia gari lake. Ni mtu mrefu, mcheshi, kofia haimtoki kichwani. Begi langu lilikuwa tayari limefungwa, liko mlangoni mwa chumba changu. Nilishatoa hewa kwenye mipira ya dizeli. Nikamwambia mpima apande mwenyewe na apige stata, mimi nikachuchumaa nyuma kwenye ekzosi nikitafuta panapovuja.

Injini ikasita, ikasita, ikashika. Gari lote likatetemeka, kisha likatulia likinguruma kwa utaratibu. Baba aliinamisha kichwa upande. Mpima akashuka akicheka, akampiga Baba begani.

"Daktari, nyie ni hatari! Kazini kwetu kuna mengine mawili kama hili, yamelala tu. Bosi ameniambia hili likiwaka niwape na hayo. Mtayafanya?"

Wakati huohuo ekzosi ikatapika moshi mweusi, wote usoni mwangu. Nikakohoa.

Kikohozi cha pili kilinifika kooni, na cha tatu nyuma yake, na ndipo ilipotokea ajabu ambayo hadi leo inaniuma: nikavimeza. Miaka yote ile nilikuwa nimejizoeza kutokohoa ovyo mbele ya mteja, na koo likatii mazoea kabla ya akili kuwahi. Machozi yalinitoka, mbavu zikaniuma, lakini sauti iliyotoka ilikuwa moja tu.

Baba aligeuza uso kuelekea kwangu. Sijawahi kumwona na furaha ile tangu mama azikwe.

"Tutayafanya," akasema. "Tena tutayafanya vizuri kuliko hili! Yalete hata Jumanne."

Nikainuka. Nikaenda kuzima injini. Humo ndani moshi haukuwa na pa kutokea.

"Baba, tulikubaliana."

"Si umekubali mwenyewe sasa hivi?" Bado alikuwa anatabasamu.

"Sijakubali."

"Umekubali, mama. Nimekusikia."

Mpima akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Mbona mimi sijamsikia akisema kitu?"

Tabasamu la Baba likasimama palepale. Na mimi nikaiona njia yangu yote mbele: Jumanne magari mawili, yakiisha hayo mengine manne, kaka akipiga simu kunisifu, na mimi nakohoa humu ndani mpaka nywele ziwe nyeupe. Ningeweza kusema nina mafua. Ningeweza kucheka. Badala yake nikafoka.

"Ni moshi! Nimekohoa kwa sababu ya moshi! Baba haoni, bwana mpima. Haoni kitu. Haoni hata kama umevaa kofia. Mimi ndiye macho yake, mimi ndiye mikono yake, na Jumatatu naondoka!"

Maneno yakishatoka hayarudi. Nilingoja mpima ashtuke, apige kelele, adai hili na lile, kisha akautangazie mtaa mzima, na mimi angalau niwe mtu mbaya aliye huru.

Mpima alivua kofia yake. Ndiyo mara ya kwanza kukiona kipara chake.

"Dada," akasema taratibu, "hilo tunalijua."

"Mnalijua?" Aliyeuliza ni Baba.

"Nisamehe, Daktari. Siku ile nilipotundika koti langu kwenye msumari hapo mlangoni, ukaliambia koti karibu, kaa. Ukaliuliza na hali ya watoto." Akajaribu kucheka, akaacha. "Nilijibu kwa niaba yake."

"Ni wewe tu unayejua?"

Mpima alichezea kofia.

"Nakuuliza wewe. Ni wewe tu?"

"Wote tunajua, Daktari. Tulinyamaza kwa heshima."

"Sasa mkijua hivyo, magari mlikuwa mnamletea nani?"

Mpima alinitazama akiomba msaada, nami sikuwa na msaada wa kumpa. "Wewe ni Daktari wetu siku zote," akasema. "Lakini magari tunamletea dada." Nadhani alitaka kutupoza wote wawili kwa mpigo mmoja. Kisha akanigeukia: "Na usipokuwepo wewe, kwa kweli, sijui tutampelekea nani. Usituache, dada. Angalau hayo mawili."

Hapo nikaelewa kuwa kumbe sikuwa nimefungwa na siri. Siri nilidhani ndiyo ukuta, nikiivunja nitoke, kumbe haikuwepo kabisa. Kilichokuwepo ni watu wema wakiniomba nibaki, na mzee aliyesimama katikati ya karakana yake akiwa ameshika spana ambayo hakuna aliyehitaji aishike.

Mpima aliondoka na gari lake. Lilipanda mwinuko wa barabara bila kulalamika, nikalisikia mpaka kona. Kazi safi. Nililichukia lile gari.

"Baba, nimekuaibisha," nikasema.

Alipapasa benchi, akaiweka spana chini, si mahali pake. Nikanyoosha mkono niirudishe, nikaacha.

"Mimi nilidhani wanakuja kwangu," akasema.

"Baba."

"Ngoja. Nilidhani nakusaidia wewe upate jina. Kumbe jina unalo, mimi ndiye niliyejibanza nyuma yako." Alivuta pumzi. "Kikohozi kile nilikifurahia sana. Nilisema, mwanangu ameamua kubaki."

Nililia bila kujificha, maana wa kumficha hakuwepo, kisha nikaona aibu kwa kuliwaza hilo. Kama wakati huo angeniambia nibaki, ningebaki. Naapa ningelifungua lile begi na kupanga nguo kabatini upya, na nisingekaa nimsamehe.

"Gari lako Jumatatu linakuja saa ngapi?" akauliza.

"Asubuhi."

"Basi tuna leo na kesho." Akanyoosha mkono, kiganja juu, akaukosea upande, akauelekeza penye pipa la oili. "Njoo unionyeshe nyumba. Nimekaa humu maisha yangu yote na sijui mlango wa jikoni uko wapi kama wewe huongei. Leo nyamaza, nitangulie mimi."

Nikaenda nikamshika. Tukatoka karakana, yeye mbele safari hii na mimi nyuma, kimya, kama alivyotaka. Alipapasa ukuta, akaukosa mlango, akarudi, akaupata. Kwenye kizingiti alijikwaa, nikamkamata kiwiko kwa mikono yote miwili, kwa nguvu.

"Usinishike sana, mama," akasema. "Jumatatu hutakuwepo."