Mlango wa Bawaba Mbili

Nafula alipokuwa mdogo alianguka kutoka kwenye trela la miwa, akatua kwa kidevu. Kidonda kilipona, lakini mfupa wa taya ukashikana na fuvu mbele ya masikio, kinywa kikafungika kidogo kidogo. Sasa ni msichana wa kidato cha pili, na chakula chake ni uji unaopita kwenye pengo la jino. Meno ya nyuma yanaoza kwa sababu mswaki haufiki.

Bibi yake, Zipporah, ambaye wote walimwita Kukhu, yaani bibi, akampeleka Kakamega mjini kwa Risper, daktari wa upasuaji wa taya.

"Tutakata pale mfupa ulipoungana," daktari akasema. "Halafu lazima tuweke kitu katikati usishikane tena. Tunaweza kushusha nyama ya kando ya kichwa, ama tuchukue kipande cha ubavu tumjengee kiungo. Kuna kiungo cha chuma pia, ila huyu bado anakua."

"Ubavu?" Zipporah akaguna. "Mungu alichukua mmoja akatengeneza mtu mzima. Nyinyi mnatengeneza taya tu?"

Nafula akacheka kupitia meno. Wakachagua nyama.

Upasuaji ulienda vizuri. Kazi ilikuwa nyumbani. Alipewa vijiti bapa vya mbao avipange katikati ya meno, akiongeza kimoja kimoja, kinywa kizoee kufunguka. Lakini kila alipotokwa machozi, Zipporah alivitoa. "Pumzika, mama. Kidonda ni kidonda."

Waliporudi kliniki, vijiti vilivyokuwa vikiingia vilikataa.

"Nani anavitoanga?" daktari akauliza.

Zipporah akaangalia viatu vyake.

"Kukhu, huruma yako ndiyo itamfunga. Mfupa ukiota tena, narudi pale pale na kisu."

Jioni hiyo Zipporah aliketi karibu na mjukuu wake, vijiti mapajani.

"Kitendawili!"

"Tega," Nafula akanong'ona.

"Sijasikia. Nataka kuona ulimi."

"Teega!"

"Mlango wangu una bawaba mbili. Moja ikishika kutu, nyingine nayo inagoma. Ukikosa, kijiti."

"Lango la ng'ombe?"

"Kijiti."

"Choo cha kanisa?"

"Shika adabu. Kijiti!"

Machozi yakashuka. Mkono wa Zipporah ukataka kwenda kuvitoa, akaukalia.

Mwishowe Nafula akavitema. "Nimeshindwa, Kukhu."

"Basi nipe mji."

"Chukua Malinya."

"Kwa mafahali wanaopigana? Na mgongo huu nitakimbia saa ngapi? Nipe mwingine, na uuseme vizuri."

"Shiaaanda!"

Kinywa kikaachama. Zipporah akainama akachungulia, akaona meno ya nyuma ambayo hakuwa ameyaona tangu mtoto ayaote.

"Haya, mji nimepokea," akasema. "Jibu ni taya."

"Nilijua toka mwanzo."

"Na mbona hukusema?"

"Ungeacha kutega." Nafula akanyoosha mkono, akachukua vijiti mwenyewe, akaongeza kimoja. "Tega ingine."