Samatar Ajieleza

Samatar Warsame alikuwa na hotuba. Aliitunga Nairobi, akaikariri mbele ya kioo, akapunguza hapa na kuongeza pale, kama alivyozoea kufanya na maagizo ya ile mashine yake. Kazi yake ilikuwa kuandikia kompyuta maagizo, kazi ambayo mwaka ule wa 1966 hata majirani zake wa Eastleigh hawakuielewa. Walijua tu kwamba kijana anavaa tai, anashinda katika chumba chenye baridi, na anarudi jioni na kadi zenye matundu mfukoni.

Hotuba yenyewe ilikuwa ya posa. Kwa kawaida mwanamume hajisemei. Wazee wake ndio husema, yeye akakaa kimya akiangalia viatu vyake. Lakini vita vya Shifta kule kaskazini vilikuwa vimefunga njia, wajomba zake wakanyimwa vibali vya kusafiri, na mzee Dualeh wa Isiolo, babake Falis, msichana aliyempenda, akatuma neno kwamba kijana aje ajieleze mwenyewe. Dualeh alikuwa sajini zamani, na kwake mtu asiyeweza kujieleza hakuwa mtu kamili. Upande wa ukoo angesimama eedo mmoja, yaani shangazi, mama mzee aliyekaa na binti yake Nanyuki na kuheshimiwa na nyumba zote mbili. Samatar hakuwahi kumwona. Aliambiwa tu kwamba atafika.

Nanyuki alipata nafasi katika lori la Mutembei, Mmeru aliyekuwa akipeleka viazi na miraa Isiolo. Mbele walibanana watatu: Mutembei kwenye usukani, Samatar dirishani na suti yake, na katikati mama mmoja wa Kisomali, mwembamba, amejifunga shuka kubwa ya rangi ya kahawia.

"Warya, wewe kijana, unaitwa nani?" mama akauliza walipopita Timau.

"Samatar Warsame."

"Warsame wa nani?"

"Wa Egeh. Egeh wa Guled."

Mama akatabasamu, akajitengeneza shuka yake, akangoja. Mtu akishakuuliza ukoo wako, nawe humuuliza wake. Hata mtoto anayechunga mbuzi anajua hivyo. Msomi wetu hakuuliza. Alikuwa amesharudi kwenye hotuba yake, midomo ikimcheza, na alikuwa amefika pale pa kuusifu ukweli, mahali alipopapenda kuliko pote.

Kizuizi cha askari kilikuwa huko chini, mlima unapokwisha na joto kuanza. Kando ya barabara, juani, watu walikuwa wameketi mchangani, wake kwa waume, wote Wasomali na Waborana. Samatar alikuwa na kibali mfukoni, kibali halali kabisa. Lakini aliona kwamba hata wenye vibali walikuwa wakiketishwa wamngoje afisa, na afisa alikuja alipojisikia. Akaangalia suruali yake iliyopigwa pasi vizuri.

Askari akamsalimia Mutembei, kisha akachungulia ndani. "Wewe wa tai. Kabila gani?"

"Mwarabu," Samatar akasema. "Natoka Mombasa."

Yeye mwenyewe alishangaa jinsi neno lilivyotoka upesi. Askari akaitazama tai, akaonekana kuridhika.

"Na huyu mama?"

"Mimi niko na huyu kijana," mama akasema kwa utulivu, na kuweka mkono juu ya mkono wa Samatar. "Ni mtoto wetu. Muulize."

"Unamjua huyu?" askari akamuuliza Samatar.

Mkono wa mama ulikuwa mkavu na mwepesi. Samatar akautoa wake taratibu, kana kwamba anatafuta leso.

"Simjui," akasema.

Ikabidi ashuke kwanza yeye ili mama apate njia. Mama akapita mbele yake bila kumwangalia, akaenda kuketi mchangani na wenzake. Lori likaondoka. Mutembei akatafuna miraa yake na kuitazama barabara mpaka Isiolo.

Nyumbani kwa Dualeh palikuwa na mkeka mpya, chai ya maziwa ya ngamia na wazee wa mtaa. Nyuma ya pazia wanawake walinong'ona, na Samatar alijua Falis yuko huko. Wakamngoja eedo. Alipochelewa, mzee Dualeh akaona chai isipoe bure.

"Haya, kijana. Jieleze. Kazi yako ni nini, unaamini nini, na ukiwa huna kazi unafanya nini."

Samatar akasimama. Akaeleza kompyuta: kwamba ni mashine kubwa kama chumba, lakini haina akili hata kidogo, inafanya kile tu ulichoiambia. Wazee wakacheka, mmoja akasema yeye anaye mkwe wa namna hiyo. Akasema anaamini Mungu mmoja, na kwamba elimu itawatoa watu wetu katika shida hizi. Akasema anathamini ukweli kuliko kitu chochote.

"Kwa nini ukweli?" Dualeh akauliza, amefurahi.

"Kwa sababu mashine haipendelei mtu, mzee. Ukiidanganya asubuhi, jioni itakurudishia uongo wako."

Wazee wakatikisa vichwa kwa kupendezwa. Samatar alisikia jasho likimteremka mgongoni. Aibu ilikuwa imemjaa, naye anaendelea kusema tu, kama mtu anayeteremka mlima na hana breki. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kueleza jinsi anavyopenda kandanda na kusikiliza redio, mlango ukafunguliwa.

"Salaam aleikum."

Alikuwa yule mama. Viatu alivibeba mkononi, shuka ya kahawia imekuwa nyeupe kwa vumbi, midomo imepasuka kwa jua. Wazee wote wakainuka.

"Eedo Habsa!" Dualeh akasema. "Wamekuweka kizuizini tangu asubuhi? Kaa, kaa. Kijana wetu ndiye huyu. Unamjua?"

Samatar alitamani ardhi immeze. Eedo Habsa akamtazama kwa mara ya kwanza tangu kizuizini, akamtazama vizuri, kuanzia viatu mpaka tai.

"Namjua," akasema. "Ni Samatar wa Warsame, Warsame wa Egeh. Bibi yake nilikuwa nikiteka maji naye hapa hapa Isiolo. Watu wake ni watu wema. Nipeni maji."

Basi. Posa ilikuwa imekubaliwa, na nyuma ya pazia mtu mmoja alisikika akicheka kwa furaha. Samatar alilijua lile cheko.

"Alhamdulillah," Dualeh akasema. "Endelea, kijana. Turudishe kwenye ile habari ya ukweli."

Angeweza kuendelea. Mama alikuwa amemfungulia mlango mwenyewe. Lakini alimwona akinywa maji kwa mikono miwili, na hotuba yote ikamtoka kichwani.

"Mimi ndiye niliyemwacha juani," akasema. "Alimwambia askari mimi ni mtoto wao, nikasema simjui. Nikasema mimi ni Mwarabu. Na kibali nilikuwa nacho."

Akakitoa mfukoni, asijue hata anakitoa kwa nini. Hakuna aliyekipokea.

Mzee Dualeh hakupaza sauti. "Kesho Habsa anarudi kwa binti yake. Utarudi naye. Habari ya Falis tutaizungumza ukipita pale kizuizini."

Kesho yake lori lilikuwa lile lile na Mutembei yule yule, na hata askari hakuwa amebadilishwa. Akachungulia, akacheka. "Mwarabu! Umerudi?"

"Mimi ni Msomali," Samatar akasema. Akarudia kwa sauti zaidi. "Ni Msomali, mzaliwa wa Isiolo. Na huyu ni eedo yangu."

Cheko la askari likaisha. Akamshika tai, akamvuta chini, akamsukuma mchangani, na kibali akakitia mfukoni mwake mpaka afisa aje. Eedo Habsa akateremshwa pia, na Samatar akaketi kando yake. Jua lilikuwa kali, suruali imeshaharibika, na kule Nairobi mashine ilikuwa ikimngoja. Hakuna aliyemsifu. Alikuwa bado anaona aibu kama jana, hata zaidi, kwa sababu sasa alijua jana mama aliketi juu ya nini.

"Jana nilichelewa hotuba yako," mama akasema baadaye. "Nasikia ilikuwa nzuri. Haya, jieleze."

Samatar akachora mchangani kwa kidole.

"Nimejieleza vya kutosha, eedo. Mimi sikukuuliza wewe. Wewe ni nani?"

Mama akaisogeza shuka yake kidogo, ncha yake ikamfunika Samatar kichwa.

"Mimi ni Habsa," akasema. "Habsa wa Jama. Jama wa Guled."

"Guled," Samatar akasema, na kutoka pale wakayataja pamoja majina ya mababu yaliyobaki.