Kokoto za Dobi

Dobi hakuwahi kuona kitu kichafu akakipita. Akialikwa kwa watu, jicho lake lilikwenda kwenye kola ya mwenye nyumba kabla hajampa mkono. Usafi kwake haukuwa kazi tu, ulikuwa dini ya pili, nayo ilimtia kiburi. Lishikeni hilo, maana mabaya yote ya kisa hiki yalifanywa na mtu mwenye sabuni mkononi na nia njema moyoni.

Mkewe alikuwa karani wa shule mpaka alipostaafu, na nyumba nzima ilimwita Kiangazi. Jina hilo alipewa na mumewe, kwa utani, mwaka ule mchicha wake wa uani uliponyauka wote. Baadaye nyanya zikafuata. Kisha kuku wakaanza kulegea mmoja baada ya mwingine, banda likabaki na manyoya. "Huyu mke wangu," dobi aliwaambia wageni, "akiutazama mti mara mbili, mti unaomba ruhusa ya kufa!" Wageni walishika mbavu. Mkewe mwenyewe alicheka pamoja nao, huku ameinama kukusanya vikombe.

Alipostaafu akaja na mpango. Alikuwa amejifunza kwa mfugaji mmoja namna ya kufuga samaki na kukuza mboga kwa maji yale yale, akauchora kwa chaki kwenye ukuta wa uani. Tanki la samaki hapa, kivulini, maji yasichemke. Kitanda cha kokoto pale, kwenye jua la asubuhi, juu ya matofali, ili maji yarudi yenyewe tankini. Pampu inapandisha, mteremko unashusha. Uchafu wa samaki unalisha mboga, na mboga zinawasafishia samaki maji.

"Udongo hakuna?" dobi aliuliza.

"Hakuna."

"Afadhali. Wewe na udongo mmeshagombana."

Mkewe alitabasamu, lakini hakuinua uso kutoka kwenye chaki yake. "Utani weka kando, baba watoto. Nataka kitu kimoja kiishi mkononi mwangu kabla sijazeeka. Kimoja tu. Hiki kikinishinda, sigusi tena chochote chenye uhai."

Dobi alisikia. Hawezi kusema hakusikia. Alihamisha kamba mbili za nguo kupisha jua, shingo upande, lakini alizihamisha, na matofali akayabeba mwenyewe.

Mfugaji yule akampa mke wa dobi gunia la kokoto za kwake, zenye utelezi, azichanganye na mpya kama maziwa yanavyogandishwa kwa mtindi wa jana. Kila asubuhi alitia chembe za chakula cha samaki kwenye maji yasiyo na samaki. "Nayalisha maji," alisema. "Lazima yaive kwanza."

Kabla hayajaiva, binti yao aliyeolewa mbali akajifungua, na bibi mpya akafunga mizigo. "Kazi yako ni kuyalisha maji na kuangalia pampu isizime," alimwambia mumewe mlangoni. "Kingine chochote usiguse."

Loo! Kumwambia dobi asiguse!

Mwanzoni alijikaza. Lakini kokoto zikaota utando wa kahawia, maji yakatoa harufu ya soksi, na mashati meupe ya watu yalining'inia hapo hapo. Mteja mmoja akakunja pua. Dobi aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Akamwaza mkewe akirudi na uchovu wa safari, akute uozo ule, aseme mkono wake umeharibu tena. La, hakubali. Atamsaidia.

Akakunja suruali. Alimwaga maji yote, akazitoa kokoto beseni kwa beseni, akazisugua kwa brashi ya kola, akaziloweka kwenye dawa inayong'arisha mashuka, akazisuuza mpaka zikalia mkononi. Tanki nalo akalikwangua, akajaza maji mapya ya bomba. Alipomaliza alisimama mikono kiunoni, kifua mbele, akingoja sifa.

Simu ikaita. Alikuwa mkewe.

"Niambie, ule utelezi kwenye kokoto umetokea?"

"Utelezi gani?"

"Utando wa kahawia. Ukinuka kidogo, ujue mambo mazuri. Humo ndimo wanamokaa wadudu wadogo wasioonekana, wanaogeuza mkojo wa samaki kuwa chakula cha mboga. Bila wao samaki wanakufa kwa sumu yao wenyewe. Upo?"

Dobi alitazama kokoto zake. Zilikuwa zinang'aa.

"Upo," alisema. "Tele!"

Akasikia mkewe akipiga kelele za furaha huko aliko, na kichanga kikalia kwa kushtuka.

Ulimi hauna mfupa, jamani. Neno lenyewe dogo, lakini lilimkaa kooni kama mwiba. Alianza kutupa chakula majini kwa konzi, eti utando utaharakisha kurudi. Kila alipoamka alipitisha kidole juu ya kokoto akitafuta utelezi. Dobi mzima anaomba uchafu! Akaunguza shati la mteja kwa pasi, jambo ambalo halikuwahi kumtokea. Siku nzima alijisemea moyoni, nitamwambia akifika, na akifika nitamwambia.

Mkewe akafika. Njiani alikuwa amepitia kwa mfugaji, ameshika mfuko wa plastiki uliojaa maji na vifaranga vya perege. Alikwenda moja kwa moja uani, hata viatu hakuvua.

"Mbona kokoto safi hivi?"

"Mvua," dobi akasema. "Mvua ilikuwa kubwa." Uongo wa pili ulitoka laini kuliko wa kwanza, na hilo lilimtisha. "Lakini tungoje kidogo, mama watoto. Haraka ya nini?"

Mkewe akamtazama. "Unauogopa mkono wangu, eh?"

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Mlango ulikuwa wazi, kazi yake ilikuwa kuingia tu. Lakini mwanamume aliyezoea kuchekesha watu hajui pa kuanzia siku ya kuomba radhi. "Hapana," alisema. "Watie."

Samaki walicheza kwa siku chache. Kisha wakaanza kupanda juu, midomo nje, wakihema. Mmoja akageuka tumbo, kisha wengine. Mkewe alibadilisha maji, akapunguza chakula, akakaa juu ya beseni lililopinduliwa akiwabembeleza kama wagonjwa. Dobi alimwona kupitia dirisha la chumba cha pasi, na kila alipomwona akainamisha kichwa akapiga pasi kola ile ile. Hatia ilimtafuna mpaka chakula kikamshinda.

Samaki wa mwisho mkewe alimtoa akamlaza kiganjani. Hakulia, na afadhali angelia.

"Basi," alisema. "Mlinijua kuliko ninavyojijua. Kiangazi ni Kiangazi."

Akachukua kitambaa kibichi, akaanza kuufuta mpango wake ukutani. Alianza na tanki.

Dobi akaiacha pasi, akatoka mbio. "Usifute! Usifute, mama watoto. Niliziosha. Zile kokoto niliziosha kwa dawa, utelezi wote nikausugua, kisha nikakudanganya. Mvua hakuna. Samaki nimewaua mimi. Mkono wako hauna kosa."

Alingoja matusi, akayatamani. Mkewe alisimama, maji ya chaki yakimdondoka kwenye vidole. Alipofungua mdomo, sauti yake ilikuwa ya chini.

"Na banda la kuku, ulikuwa ukiliosha kwa kitu gani?"

"Banda?"

"La wale kuku wangu."

Dobi akakumbuka. Aliliosha kwa dawa ile ile, kila lilipotoa harufu, na kuku walikuwa wakinywa kwenye madimbwi yaliyobaki.

"Na mchicha? Nyanya? Ulinisaidia kumwagilia. Maji gani?"

"Ya kusuuzia," alisema. Ndoo kwa ndoo, mazito ya dawa, aliyamwaga kwenye matuta ya mkewe yasipotee bure. Alijiona mume mwema. Hakuwahi hata mara moja kuyaweka mambo hayo mawili pamoja, dawa yake na vifo vile, na sasa yalipokutana, akakaa juu ya matofali.

"Miaka yote hiyo," mkewe alisema. "Na mimi nilikuwa nacheka na nyinyi."

Safari hii dobi hakutafuta utani.

Langoni ikasikika sauti ya dada yake mkewe, mchangamfu kama kawaida, amekuja kuona samaki. "Hodi humo! Kiangazi yupo?"

Mkewe hakuitika. Alimtazama mumewe, kitambaa mkononi.

Dobi akasimama, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Nipo, shemeji," akaitikia. "Kiangazi ni mimi. Karibu ndani."