Mwanamke Asiye na Sura

Mhariri alikuwa mtu mpole, na ndiyo maana maneno yake yalimchoma mtunzi kuliko matusi. Aliusifu mswada wake, akammiminia chai, kisha akasema kasoro ni moja tu: mhusika mkuu hana sura. Kitabu kizima, msomaji hajui kama ni mrefu au mfupi, mweupe au maji ya kunde.

"Mpambe kidogo, dada. Watu hawampendi mtu wasiyemwona."

Mtunzi akarudi nyumbani, akaketi kwenye meza ya jikoni, akampamba. Akampa shingo ndefu, macho ya kurembua, mwanya na kiuno cha nyigu. Kazi ilikwenda upesi mno, kama kuvalisha sanamu la dukani.

Kila alichoandika alikuwa akimsomea mama mkwe wake, aliyehamia kwake tangu macho yalipoanza kumpa taabu. Ajuza yule alikuwa hakimu mkali; kisichomnogea alikisinzilia. Hadithi ilihusu mke aliyefukuzwa na wifi yake, ambaye miaka mingi baadaye alimpokea wifi huyohuyo, mgonjwa asiye na pa kwenda, akawa anamwogesha na kumlisha bila kumkumbusha ya jana. Sehemu ya kuogesha ilimliza bibi mara ya kwanza. Safari hii alisikiliza huku akimenya vitunguu, na hata vitunguu havikumtoa chozi.

"Huyu aliyeingia ni nani?" akauliza. "Yule wangu umempeleka wapi?"

Mtunzi akamweleza kuwa ni yuleyule, kaongezewa urembo tu.

"Basi mwondolee. Mwanzo nilikuwa naona mkono wake unavyopima joto la maji. Sasa naona kiuno."

Akakiweka kisu chini.

"Mwanangu alipokuleta, niliwaambia dada zangu kaokota. Nikasema una meno ya nje, huna umbo. Nikakaa kuyatazama hayo mwaka mzima, wewe mwenyewe nisikuone."

Mtunzi alikuwa anajua. Maneno yale yalimfikia zamani, yametiwa chumvi njiani, naye alikwisha kuyasamehe. Hakujua tu kwamba aliyeyasema alikuwa bado ameyabeba. Akachukua kisu kingine.

"Yamekwisha, mama."

"Kwako, labda. Mimi ndiyo kwanza nayatua leo."

Wakamenya pamoja vitunguu vilivyobaki.

Kesho yake mtunzi alifuta urembo wote, akaurudisha mswada ulivyokuwa. Mhariri alishusha pumzi, akasema hatoi ahadi. Atakwenda nao nyumbani autafakari. Wiki haikuisha akapiga simu. Mkewe alikuwa ameuchukua mezani akausoma wote, na sasa anamuuliza mwanamke yule wamemjulia wapi.

"Anasema ni mnene kama yeye," mhariri akasema. "Mimi nimefyata mdomo. Kitachapwa hivyohivyo."

Mtunzi alipompasha mama mkwe wake habari hiyo, bibi hakufurahi kama alivyotarajia. Mnene wa wapi, akasema. Mtu mwenye kuhangaikia wenzake vile apate wapi nafasi ya kunenepa? Yule ni mwembamba, tena mrefu. Mtunzi akakiri kwamba yeye, tangu siku ya kwanza, alimwona mfupi. Bibi akamwambia kuandika kaandika, lakini kutazama hakutazama vizuri. Wakabishana hivyo, kila mmoja na wake, mpaka mboga ikaungua jikoni.