Uso Ndani ya Ndoo

"Na ijulikane kwa watu wote wa Kirushya, waliopo na watakaozaliwa," alitangaza Clotilda, amesimama juu ya kinu kilichopinduliwa, "kwamba kuanzia leo hakuna mkimbizi atakayekanyaga shamba langu!"

Wasikilizaji walikuwa mbuzi wawili na Niragira, mkimbizi, ambaye wakati huo alikuwa amekanyaga shamba hilo hilo, akimkandia ndizi mbivu kwa majani makavu ndani ya mtumbwi wa pombe. Ujira wake ulikuwa maharage ya jioni.

"Na mimi, mama?"

"Wewe ni kibarua. Kanda!"

Kihangaza cha Clotilda na Kirundi cha Niragira vinaelewana kama watoto wa tumbo moja. Lakini Clotilda alimsemesha kwa Kiswahili, lugha ya ofisini, ili ajue yuko ugenini. Tangu kambi ya Benaco ijae wakimbizi, miti yake ya kivuli ilikuwa imegeuka kuni, na usiku uliopita mkungu wake mnono kuliko yote ulikuwa umekatwa.

"Nyie ni nzige! Nzige wenye masufuria! Afadhali hata nzige, wakishiba huruka, nyie..."

Hapo moyo ukamtoroka. Ulikuwa na tabia hiyo tangu usichana wake: unachomoka bila sababu, unakimbia, kisha unatulia wenyewe. Leo haukutulia. Ulipapatika kama kuku aliyeona kisu. Mshipa wa shingo ukacheza, jasho baridi likamtoka, migomba ikafifia machoni. Akateleza kutoka kinuni, akaanguka kwa magoti, jambo ambalo halikuwamo katika tangazo.

Niragira aliacha ndizi, akamgusa shingo.

"Usiniguse!"

"Mama yangu kule kwetu Muyinga alikuwa nao moyo wa namna hii." Akaivuta ndoo ya maji ya kuzimulia pombe, yaliyotekwa alfajiri bondeni, baridi ya kuuma meno. "Vuta pumzi, uibane, uzamishe uso."

"Unataka kuniua!"

"Ningetaka hivyo ningeendelea kukanda."

Jibu hilo lilikosa adabu, lakini lilikuwa na mantiki. Clotilda akavuta pumzi. Mkono wenye utomvu wa ndizi ukamsukuma kisogo.

Baridi ikamng'ata mashavu, kope, paji. Moyo ukakimbia, ukakimbia, ukasimama. Kimya. Akajua amekufa, na aliyemuua ni mkimbizi. Kisha likaja pigo moja zito. Halafu jingine, la taratibu, kama mtu anayerudi nyumbani akijifanya hakwenda popote.

Alipoinua uso, mumewe Pancras, aliyekuwa ametoka kumtafuta mwizi wa mkungu, alikuwa amembana Niragira kwenye mgomba, panga limegusa koo.

"Nimemkuta anakuzamisha! Sema neno moja tu, mke wangu. Moja!"

Maji yalimchuruzika Clotilda kidevuni. Alikuwa na maneno mengi kuhusu wakimbizi, yote tayari mdomoni.

"Nilikuwa nanawa uso," alisema.

"Na kilemba kichwani? Huku umekandamizwa kisogo?"

"Ndiyo."

"Clotilda."

Akatazama chini. "Basi. Moyo ulinitoroka. Nilikuwa nakufa, huyu kaurudisha. Shusha panga."

"Na lile tangazo? Nimelisikia tangu barabarani."

"Nilikuwa nawaambia mbuzi."

Panga likashuka. Koo la Niragira lilibaki na mstari mwembamba mwekundu. Hakushukuru, hakulia. Aliimwaga ndoo, maana maji yaliyonawiwa hayafai kuzimulia pombe, akaibeba, akatoka uani.

"Utarudi?" Clotilda aliita, safari hii kwa Kihangaza.

Nje ya ua njia iligawanyika: kushoto chemchemi ya bondeni, kulia kambi ya Benaco. Migomba ilimficha Niragira upesi. Clotilda akaweka vidole shingoni, akaketi chini akisikiliza mshikio wa ndoo yake ukilia, kri, kri, asijue unaelekea wapi.